Gereji iliyonifungia taubaa ya kuvuta Escudo nyuma ya Coaster, Mtwara: chuma safi, umeme hapana

Escudo yangu saivi inafuata nyuma ya Coaster kama mtumbwi nyuma ya jahazi, nimeshaenda nayo Masasi mara nne na Nachingwea mara moja, na kila nikipaki Mnazi Mmoja (hii ya Lindi, siyo ya Dar) kula lazima mtu aje aniulize nimefungiwa wapi na bei gani, sasa leo naandika yote nipumzike.

Mi kazi yangu pampu za visima na sola za vijijini. Coaster niliitoa siti zote nikaweka vitanda, jiko la gesi na sinki, tukifika saiti ndo nyumba yetu mimi na vijana wawili. Shida ukishaipaki umekwama, ukitaka bomba au hata chumvi tu lazima ufunge vyombo, ukunje vitanda, uwashe mashine nzima ya silinda sita uende dukani kununua chumvi. Ndo nikasema niburuze kagari kadogo. Wenzetu Marekani hiyo kawaida sana, wenye magari ya kulala wanavuta kagari nyuma na wanakaita dinghy, yani kamtumbwi kweli.

Gereji ipo Mtwara mjini, jina siandiki maana huko mbele nina malalamiko.

Kilichonivutia, mzee fundi wa pale hakuanza na hela. Aliuliza, "Gari unayotaka kuvuta, otomatiki au manyuo?" Nikamwambia ni IST ya mke wangu, otomatiki. Akatikisa kichwa, "Hiyo sikufungii baba, utakuja kunidai giaboksi." Akanieleza kwamba kwenye otomatiki pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini, sasa injini imezimwa halafu matairi ya mbele yanazunguka mpaka Masasi, oili haipandi, vyuma vinasagana vikavu. IST labda uinyanyue mbele au uipandishe kwenye trela. Angeweza kula hela yangu akanyamaza, hakufanya hivyo, na hapo tu nikajua nimefika kwa mtu.

Nikarudi na Escudo ya zamani ya shemeji (saivi yangu, bado nadaiwa kidogo), manyuo, ina kale kagia kadogo ka fowili. Akakaweka N (nyutro), gia kubwa akaingiza namba mbili, akashuka akaisukuma kwa mkono mmoja ikaenda. "Hii inavutika." Transfa, yani boksi ya hako kagia ka fowili, ikiwa N matairi yanazungusha propela tu, giaboksi haina habari. Ila akasema kila kilomita 300 nisimame niwashe injini dakika moja hivi vilevile ilivyo, oili ya ndani ya transfa izunguke. Mtwara mpaka Masasi ni kama 200 kwa hiyo nafanya nikifika.

Chuma chake sina neno. Taubaa ya umbo la A, miguu miwili imefungwa kwa boliti kwenye chesisi, bampa hakuligusa kabisa. Akaweka pima maji juu ya taubaa, ikaonekana huku kwa Coaster pamepanda karibu shubiri, akakata akashusha huku mpaka kile kipovu kikakaa katikati. Minyororo miwili akaipitisha kwa kupishana chini ya taubaa, ikichomoka itaangukia minyororo, haitachimba lami. Na kila nati kaichora mstari wa rangi nyeupe unaoendelea mpaka kwenye chuma, asubuhi nainama na tochi naangalia tu mistari kama imenyooka, spana sigusi. Laki nane na nusu, siku nne badala ya mbili, sawa.

Umeme sasa. Coaster yangu ni ya volti 24, Escudo ni 12, na hili nilimwambia kijana wake kwa mdomo wangu, akasema "nalijua bro". Akaunga waya moja kwa moja kwenye taa za nyuma za Escudo, nikawasha, taa ziliwaka vizuri ajabu mpaka mtu wa duka la pili akageuka, halafu tii, giza. Balbu zote zimekwenda, na akataka nilipie nyingine! Tulibishana mpaka mzee akatoka. Suluhisho alilitoa mzee mwenyewe, ubao wenye taa za trela za volti 24 unafungwa nyuma ya Escudo, waya wake unakuja mbele kwenye plagi ya Coaster, taa za Escudo zenyewe haziguswi. Hilo lingefanyika siku ya kwanza.

Na hakuna aliyenishtua kuhusu betri. Funguo lazima ikae ACC (hatua ya kwanza ya swichi, injini imezimwa) ili stelingi isijiloki, sasa redio nayo ikabaki imewaka sauti chini, tumelala Ndanda, asubuhi Escudo kimya, vijana wa bodaboda ndo walisukuma huku wanacheka. Saivi nachomoa fyuzi ya redio kabla ya kuondoka. Kurudi rivasi aliniambia kabisa usithubutu, matairi ya mbele yanakata upande na taubaa inapinda, mi nikasahau nikaingia sheli isiyo na pa kutokea, ikabidi tuifungue palepale foleni inapiga honi.

Breki ndo inaninyima raha. Escudo haifungi breki yenyewe, Coaster inasimamisha zote mbili, na kwenye mteremko unasikia kabisa unasukumwa mgongoni, nashuka na gia ya tatu na sipiti 60. Kuna vifaa vya kukanyaga breki ya gari la nyuma, mzee anasema atachonga chake, nimemwambia nikione kwanza kikifanya kazi kwenye gari lake.

Chuma nyota tano, umeme nyota mbili. Ukienda mtafute mzee mwenyewe, na waya mpelekee fundi mwingine.