LibreOffice Impress kwa utetezi wa memwari Lubumbashi: slaidi ngapi zinatosha?

Impress ni programu ya bure ya kutengeneza slaidi, iliyomo ndani ya LibreOffice, na ukishaipakua na kuisakinisha hufanya kazi bila intaneti. Faili la LibreOffice nzima kwa Windows linazidi megabaiti 300, kwa hiyo wanafunzi wengi wa Lubumbashi wanafanya vema kulichukua kwa rafiki kwenye fleshi badala ya kumaliza vifurushi vyao. Uhakiki huu unaitazama programu hii kwa jambo moja: je, inamsaidia mtu anayejiandaa kutetea memwari, yaani kazi yake ya mwisho ya masomo, mbele ya juri (watahini) kujua aweke slaidi ngapi? Inasaidia sana, ukijua pa kubonyeza.

Watu hupenda kuuliza idadi kwanza. Kanuni ya Guy Kawasaki, mwandishi wa Marekani, ya slaidi 10, dakika 20 na herufi za ukubwa wa 30 inajulikana sana, lakini yeye aliitunga kwa wajasiriamali wanaotafuta mtaji. Juri inataka kuona mbinu na matokeo, na hapo ndipo dakika zinapokwenda. Chukua mfano wa utetezi wa dakika 15 juu ya maji ya mto Kafubu: kichwa nusu dakika, tatizo moja na nusu, swali na lengo moja, ramani ya eneo moja, mbinu moja na nusu, matokeo slaidi nne za dakika moja na nusu kila moja, mjadala moja, hitimisho nusu. Hizo ni slaidi 11 na dakika 13. Dakika mbili zinazobaki ni za salamu, na za projekta inayokataa kuwaka.

Makadirio hayo yapimwe. Fungua menyu ya Diaporama (maonyesho ya slaidi, kwenye Impress ya Kifaransa), chagua amri ya kupima muda, kisha soma kwa sauti ukiwa umesimama, kwa Kifaransa utakachotumia siku yenyewe. Anayejizoeza nyumbani kwa Kiswahili hapati muda wa kweli. Saa ndogo hutokea chini kushoto. Ukimaliza slaidi, bonyeza saa hiyo yenyewe: ukibonyeza mahali pengine, slaidi inasonga lakini muda haurekodiwi. Wengi huishia kusema kipimo hakifanyi kazi kwa sababu hiyo tu. Slaidi inayopita dakika mbili igawe au ipunguze maneno, na ya sekunde 15 iunganishe na jirani yake.

Kasoro mbili zinaudhi. Saa inahesabu slaidi moja moja, kwa hiyo jumla uijumlishe mwenyewe kwenye karatasi. Ya pili ni mbaya zaidi: muda uliorekodiwa hubaki ndani ya faili, na siku ya utetezi slaidi zinakimbia zenyewe huku mtu bado anaeleza jedwali. Pima kwenye nakala ya faili. Kama umechelewa, teua slaidi zote, fungua paneli ya Transition, urudishe kusonga kwa kubonyeza kipanya.

Slaidi za akiba, yaani hesabu ndefu au jedwali zima ambalo mtahini mmoja anaweza kuliulizia, ziweke baada ya ile ya hitimisho. Haziingii kwenye 11. Usizifiche: ukitoa PDF, Impress huziacha nje zilizofichwa usipoiambia izijumuishe, na PDF ndiyo kinga yako kompyuta ya ukumbi isipokuwa na programu hii. Kumbuka pia kwamba PDF inafuta mwendo. Picha zilizopangwa kutokea moja baada ya nyingine zitalaliana kwenye ukurasa mmoja, basi zipe kila moja slaidi yake, hata idadi ikipanda. Kupanda huko hakudhuru, maana dakika ni zile zile.

Ukubwa wa kawaida ni 16:9. Kwenye projekta ya zamani ya 4:3 robo ya urefu wa picha inakuwa nyeusi na herufi zinapungua, kwa hiyo ulizia projekta ya ukumbi kabla ya kupanga chochote.

Dirisha la msemaji, lenye slaidi inayofuata na saa, ni zuri kweli. Ila kwa kawaida inabidi ubonyeze Windows pamoja na P, kisha uchague kupanua skrini; ukiacha skrini zifanane, huenda lisitokee.

Kwa TFC (kazi ya mwisho wa mzunguko wa kwanza wa masomo) au memwari, hatuoni sababu ya kulipia programu nyingine.