Profaili haina kosa, waliotuhudumia ndio walionichosha

Kampuni inayotukodisha kompyuta niliwahi kuipa nyota nne. Nimezifuta.

Tunakodi kipande cha meinifremu, ile kompyuta kubwa, chenye z/VM, programu ya IBM inayoigawa kompyuta moja kuwa mashine pepe nyingi, na humo tuna mashine pepe za Linux 30 hivi. Kilichonivuta ni profaili ya msingi, LNXDFLT, yaani maelezo ya pamoja ya mashine hizo. Kila mashine ina mstari mmoja wa INCLUDE unaoivuta profaili hiyo. Mambo ya pamoja, kuanzia konsoli hadi kadi ya mtandao, yameandikwa mara moja tu ndani ya profaili. Ukirekebisha pale, umerekebisha kote. Nimelea seva miaka mingi, sijaona utaratibu mwepesi kama huu.

Mwezi uliopita, au mwishoni mwa ule wa nyuma yake, tuliomba mstari wa NICDEF ndani ya profaili, ule wa kadi ya mtandao, uelekezwe kwenye swichi pepe mpya kwa kuwa ya zamani ilikuwa inaondolewa. Faili lenye profaili sisi haturuhusiwi kuligusa. Fundi wao akatuma picha ya skrini na neno moja: tayari. Usiku tukazitoa mashine zote kwa LOGOFF na kuziingiza upya, maana kuwasha Linux upya pekee hakuifanyi mashine iisome profaili. Zikarudi kwenye swichi ileile ya zamani. Ilipoondolewa, zote zikawa bubu.

Nikampigia simu fundi yule. Hakuniacha nimalize hata sentensi. Ati Linux yetu ndiyo mbovu, kazi yake yeye ameshamaliza, nikasome kwanza. Nikasome! Nikaifungua tena picha yake mwenyewe, na chini kabisa pameandikwa EOJ DIRECTORY NOT UPDATED, yaani mabadiliko hayajaingia. Alikuwa ameendesha DIRECTXA, amri ya kuyaingiza mabadiliko ya faili lile kwenye mfumo, kwa chaguo la EDIT, ambalo hukagua makosa ya uandishi tu, halibadilishi chochote. Nilipomwambia, akakata simu. Tukakesha hadi alfajiri, kisha nikakuta tiketi imefungwa: "Mteja ameshauriwa." Hata pole hakuna.

Usiku ule niliapa kumwonya kila mtu asiziguse profaili hizi. Naifuta kauli hiyo. Dada wa zamu ya asubuhi alinisikiliza, akaiendesha amri ile bila EDIT nikiwa bado kwenye simu, tukazitoa mashine na kuziingiza tena, na zote zikahamia swichi mpya bila sisi kuhariri hata moja. Kampuni naipa nyota moja, na hiyo ni ya dada yule. Mkataba ukiisha nahama. Labda wanipe ruhusa ya kuiendesha DIRECTXA mwenyewe, hapo nitabaki.