Mapitio: kozi ya Kiswahili kwa wahudumu wa afya, Shanty Town, Moshi

Zahanati ninayofanyia kazi mjini Moshi hupokea wageni wa kujitolea kila mwaka, wengi wao wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Uingereza na Ujerumani, na kazi ya kuwatafutia mahali pa kujifunza Kiswahili imekuwa mikononi mwangu kwa miaka minne sasa. Katika muda huo tumelipia kozi mbili tofauti. Ya kwanza ilitolewa na kituo ambacho sitakitaja, na tuliiacha kwa sababu nitakayoieleza. Ya pili hutolewa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kwenye baraza ya nyumba yake huko Shanty Town, na ndiyo ninayoipitia hapa, kwa kuwa najua wenzangu wa vituo vya afya na shule za Moshi na Arusha wanahangaika na jambo hilihili.

Nianze na kilichotufikisha huko. Muuguzi wetu mmoja kutoka Uingereza aliimaliza kozi ile ya kwanza kwa alama nzuri: alizijua ngeli, alinyambua vitenzi bila kusita, na aliweza kutaja viungo vya mwili kuanzia utosini hadi kisiginoni. Katika wiki yake ya pili kazini alimuuliza mama mmoja mgonjwa wa presha, "Hujanywa dawa leo?" Mama akajibu, "Ndiyo." Muuguzi akaandika kwenye kadi kwamba dawa imenywewa. Nilipompima mama yule nilikuta 180 kwa 110, na nilipomuuliza alishangaa kuona naulizia jambo ambalo ameshalisema: hakuwa amenywa, tena ilikuwa siku ya tatu, kwa sababu vidonge vilimwishia. Kwa masikio yetu jibu lake halikuwa na utata wowote. Mswahili anayeulizwa swali la kukanusha huikubali au huikataa kauli yenyewe, hivyo "ndiyo" yake ilikuwa "ndiyo, sijanywa". Aliyekulia katika Kiingereza husikia kinyume chake, na hakuna zoezi hata moja katika kozi ile lililomtahadharisha.

Hiyo ndiyo sababu ya mimi kushika bei na ratiba kuwa mambo ya pili, na kuuliza kwanza mwalimu anafundisha nini zaidi ya maneno. Kozi ya Shanty Town ni ya wiki nne, siku tano kwa wiki, saa tatu kwa siku, na kundi halizidi watu sita. Tulilipa shilingi 400,000 kwa mwanafunzi mmoja, pamoja na chai.

Niliomba kukaa darasani siku ya kwanza, na nikaruhusiwa. Mwalimu alijifunga khanga begani, akakaa kwenye kigoda akawa mgonjwa, na mwanafunzi akawa muuguzi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." "Habari za leo?" "Nzuri." Mwanafunzi akainama kuandika, na hapo mwalimu akainua kidole. "Nimekujibu salamu, sijakujibu ugonjwa. Endelea." Wakarudi mwanzo, wakapitia za nyumbani na za watoto, na ni baada ya hapo tu, alipoulizwa, "Haya, mama, nini kimekuleta kwetu leo?", ndipo mwalimu alipoushika mguu wake na kuvuta pumzi. "Huu mguu, mwanangu, umenitesa juzi na jana."

Nimefanya kazi ya utabibu kwa zaidi ya miaka kumi na sikuwahi kuliona jambo hilo likiwekwa wazi namna ile. Mtu anaweza kuwa na homa inayomtetemesha na bado akasema "nzuri", kwa sababu salamu ni ya kupokeana, na ugonjwa una zamu yake baadaye. Mgeni asiyejua hivyo huona kama mgonjwa anamdanganya, na mgonjwa anayekatizwa salamu huona hajapokewa, akaeleza nusu ya shida yake na kuondoka na nusu nyingine.

Somo la saa nalo lilifundishwa kwa kitu cha kushika. Mwalimu aliishusha saa ya ukutani, akaiweka mezani, akawaonyesha kwamba mshale unapoelekea namba 8, wao wasome namba inayoikabili ng'ambo ya pili, yaani 2. Kisha akawaeleza sababu: huku kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza na kuzama takriban wakati uleule mwaka mzima, nasi tumeanzia kuhesabu saa pale mchana unapoanza na pale usiku unapoingia. Aliyeelewa hivyo hatamwandikia mgonjwa dawa ya saa 2 usiku akidhani anamwamsha katikati ya usingizi. Siku hiyohiyo walijifunza kwamba "umepata choo?" haliulizii mahali, na kwamba "pole" haimaanishi kuwa msemaji amekiri kosa; anayeambiwa pole hujibu "asante" au "nimeshapoa", hamwambii mwenzake kwamba hana hatia. Walijifunza pia neno "bado", ambalo mwalimu alilipa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na alikuwa sahihi. Mwanamke wa miaka 40 anayeulizwa kama ana mtoto na kujibu "bado" ameacha mlango wazi kwa heshima yake mwenyewe, na muuguzi hapaswi kuufunga kwa kuandika mbele yake "hana" huku akilitamka kwa sauti.

Sehemu iliyonigusa zaidi ilinihusu mimi mwenyewe. Kila Alhamisi mwalimu hukaribisha mhudumu mmoja Mtanzania, azungumze na wanafunzi wamsikilize. Zamu yangu ilipofika aliniomba nimweleze yeye, akiwa mgonjwa, kwa nini dawa ya presha hunywewa hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Nilianza vizuri, nikafika kwenye mishipa, nikakwama. Shule ya msingi niliisoma kwa Kiswahili, lugha ya kufundishia ya ngazi hiyo tangu 1967, lakini kuanzia kidato cha kwanza nilihamia Kiingereza, na utabibu wote niliupata kwa lugha hiyo. "Hapo umenipoteza, daktari," alisema kwa upole, kisha akaniuliza kama kwetu kuna mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba. Upo, unapita juu kidogo ya kihamba cha baba yangu, yaani shamba lake la migomba la nyumbani. Basi nikamweleza upya: maji yakizidi mfongoni usiku, ukingo hulika taratibu wakati mwenye shamba amelala, na asubuhi hukuta migomba imelala chini. Sasa nawaeleza hivyo wagonjwa wangu kutoka Kibosho na Old Moshi, na wananiuliza maswali ambayo zamani hawakuwa wakiniuliza.

Kozi hii ina upungufu pia. Ratiba ya saa 8 hadi saa 11 jioni inagongana na zamu za mchana, na tulilazimika kupanga upya kazi za watu watatu. Safari ya kutazama ngoma siku ya Ijumaa hulipiwa kando, na kwa maoni yangu haikuongeza chochote. Asubuhi moja ya kununua ndizi mshare pale Soko la Mbuyuni, na kugundua kwamba mwenye duka huitwa "mangi" kwa jina lile lile la watawala wa zamani wa Uchagani, iliwafundisha zaidi. Vilevile watalii wa wiki mbili huchanganywa na watu watakaokaa miaka miwili, na hao wa kwanza huvuta somo kuelekea kuagiza chakula na kupatana bei ya bodaboda.

Upungufu unaonisumbua hasa ni kwamba Kichagga hakina hata kipindi kimoja. Wazee wengi wanaoshuka kutoka mlimani hukisema Kiswahili, lakini maumivu huyasimulia kwa Kimachame, Kikibosho au Kivunjo, na lahaja hizi hutofautiana kiasi kwamba mwenye moja huweza kuhangaika na nyingine. Sitegemei mgeni azijue. Ninataka afundishwe walau kusema "aika", amshukuru mzee kwa neno lake mwenyewe, na afundishwe kutambua pale ambapo mzee amekiacha Kiswahili kwa sababu kimemwishia, ili amwite mmoja wetu badala ya kurudia swali kwa sauti kubwa zaidi.

Nimemweleza mwalimu jambo hilo. Amekubali kutenga Alhamisi ya mwisho ya kozi ijayo, na ameomba tumpatie bibi mmoja wa Machame na babu mmoja wa Kirua watakaokuwa tayari kukaa kwenye kile kigoda. Mgeni wetu wa Septemba tumeshamwandikisha.