Mashine ndogo ya spoti ya betri, baada ya miezi minne

Nimekaa na hii mashine ya spoti miezi minne sasa, yaani ya kuchomelea kanda nyembamba za nikeli kwenye seli za betri kwa nukta nukta (kila nukta ndo spoti), ile ndogo ya mkononi saizi ya simu, ina betri yake ndani na nyaya mbili nene zenye ncha za shaba, nimeshaunganisha nayo pakiti sita za 18650 (zile seli za lithiamu za duara kama betri za tochi) kwahiyo naona naweza kuisema mazuri na mabaya yake.

Zamani nilikuwa nalehemu kwa risasi na kila anayejua betri alikuwa ananigombeza, na walikuwa na haki bana, ukigandisha pasi ya moto kwenye kitako cha seli sekunde nne tano lile joto linazama ndani mpaka kwenye ile plastiki nyembamba inayotenganisha chanya na hasi, seli haifi palepale ila inachoka mapema na we hujui imekuwaje. Hii inapiga milisekunde chache tu, ukishika seli hapohapo iko baridi vilevile. Kwa hilo tu sirudi kwenye risasi.

Sasa boksi limeandikwa inachomelea nikeli mpaka unene wa 0.2 mm. Uongo mtupu. 0.1 inashika safi, 0.15 ukipandisha nguvu ya mashine juu kabisa inashika, 0.2 inalia tu inatoa cheche alafu ukivuta kwa plaizi ukanda unabanduka kama stika. Na kipimo ndo hichohicho, ukivuta, ukanda uchanike uache matone mawili ya nikeli yameng'ang'ania kwenye seli, ukitoka mzima bila matundu ujue hujachomelea umebandika. Fanya hayo kwenye seli mbovu isiyo na chaji, usijaribie kwenye pakiti yako.

Kuna kituko hapa. Siku za kwanza niliiona ina nguvu kweli, hata vipande vinene vilikuwa vinashika. Kumbe zile kanda za bure zilizokuja kwenye boksi si nikeli, ni chuma kimepakwa nikeli juu! Nilikwangua kimoja kwa tupa nikakilaza kwenye maji ya chumvi, asubuhi kutu nyekundu. Chuma kina upinzani mkubwa kuliko nikeli kwahiyo kinachomeka kirahisi, mashine inaonekana shujaa, alafu ukija kuvuta ampea nyingi kwenye pakiti ukanda ndo unapata moto. Nunueni nikeli halisi na mjaribu kwa chumvi, muuzaji mwenyewe saa nyingine hajui anachouza.

Kosa langu mimi lilikuwa mkono. Nilikuwa nagusisha ncha kwa woga, nikiona cheche naongeza moto, kumbe dawa ni kukandamiza. Ukigusa kijuujuu moto wote unaishia pale ncha inapokutana na ukanda, panalipuka tundu. Nilitoboa seli moja upande wa hasi ikatoa kaharufu katamu hivi kama ka dawa ya kutoa rangi ya kucha, nikaibeba mbio nikaiweka nje peke yake, miwani nikaanza kuvaa siku hiyo.

Hiyo modi ya otomatiki izimeni. Inapiga yenyewe ncha zote mbili zikigusa, sasa we bado unaweka ukanda sawa, paa! Ingekuwa na pedali ya mguu ningeisamehe mengi. Na pete za karatasi za kuvalisha upande wa chanya hawajaweka hata moja, wakati mwili mzima wa 18650 ni hasi mpaka mabegani, kinachozuia shoti ni ile nailoni ya nje tu, ikichubuka pale ukanda unapopita umekwisha.

Ncha zinaota weusi haraka, nazisugua msasa kila baada ya spoti kama arobaini. Alafu betri yake ikishuka kidogo tu spoti zinalegea wakati kioo bado kinaonyesha chaji ipo, nilirudia mstari mzima wa seli kumi kwa sababu hiyo, siku hizi nachaji kabla ya kazi hata kama imejaa nusu.

Ujanja ulioniokoa ni mkasi: nachana kamfereji kwenye ukanda katikati ya sehemu mbili za ncha, umeme ukikosa njia ya mkato juu ya nikeli unalazimika kushuka kupitia kwenye seli. Tangu nianze hivyo 0.15 nachoma bila kuifikisha juu kabisa. Ile 0.2 iko bado kwenye droo.