Uzoefu wangu na Dungeons & Dragons ya 2024: paladini mmoja, vitabu viwili

Naandika nikiwa bado na hasira, na ni haki msomaji ajue hivyo kabla hajafika kwenye nyota nitakazotoa. Ninachokipima ni kitabu cha wachezaji cha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, Dungeons & Dragons, Player's Handbook, kilichotoka Septemba 2024 kuchukua nafasi ya kile cha 2014. Kwa kuwa kitabu cha mchezo hakina kazi kikikaa rafuni, ninapima pia meza ya kulipia niliyokichezea, katika duka moja la michezo hapa Minnesota ambalo sitalitaja. Bei, idadi ya kurasa na uzuri wa picha mtu anaweza kuvitafuta mwenyewe. Mimi nina jambo moja la kusema, nalo linahusu pigo moja la upanga.

Mhusika wangu ni paladini, askari wa kiapo, na nimemcheza kwa miaka hadi akafika kiwango cha 9. Yeyote anayeujua mchezo huu anajua kwamba watu wengi humchagua paladini kwa ajili ya Divine Smite, pigo takatifu. Katika kitabu cha 2014 ulikuwa unapiga kwanza, unaona dadu imekubali, ndipo unaamua kuteketeza nafasi mojawapo ya uchawi wako, yaani akiba yako ya kurusha uchawi, yenye hesabu na madaraja, ili nuru iongezeke juu ya jeraha. Pigo hilo halikuhesabiwa kuwa uchawi, halikutamkwa, wala halikula tendo lolote. Ukimpata adui mara mbili katika zamu moja, uliweza kulitumia mara mbili, na hata adui alipokupa mgongo akikimbia ukamkata nje ya zamu yako, bado lilikuwa mkononi mwako.

Kitabu cha 2024 kimelifanya pigo hilo kuwa uchawi kamili. Linatamkwa, linakula tendo la ziada, yaani kile kitendo kidogo unachoruhusiwa kuongeza juu ya tendo lako kuu, na kwa sababu tendo la ziada ni moja tu katika zamu, nalo pigo ni moja tu. Nje ya zamu yako halipo kabisa. Tena tendo hilo hilo la ziada ndilo linalotumika sasa kumwekea mwenzako mikono apone, kwa hiyo paladini analazimika kuchagua kati ya kuponya na kuangamiza katika sekunde ile ile. Na kwa kuwa pigo limekuwa uchawi wa kutamkwa, mchawi aliye karibu anaweza kulizima kwa Counterspell, uchawi wa kuzima uchawi wa wengine. Niliposoma ukurasa ule mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini, nikamwambia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza kwamba paladini amenyang'anywa upanga.

Hata hivyo nilianza kuelewa nia ya waliobadilisha, na nilielewa nikiwa mezani, nikiwatazama wenzangu. Kwa kanuni za zamani paladini wa kiwango changu angeweza kuteketeza nafasi mbili za daraja la 3 katika zamu moja, akarusha dadu nane za pande nane juu ya jeraha la kawaida, na pambano ambalo msimamizi, yule anayeendesha hadithi na maadui na kuamua kanuni mezani, alilitayarisha kwa saa nyingi likaisha kabla wengine hawajapata zamu. Dada mmoja wa Tanga tunayecheza naye ana mtawa anayepigana kwa mikono mitupu. Katika kitabu cha 2014 mtawa wake alikuwa akiishiwa pumzi mapema na kubaki mtazamaji. Katika hiki kipya anakimbia au kujiondoa kwa adui kwa tendo la ziada bila kulipia chochote, na hata silaha inayomjia anaweza kuipunguzia makali kwa mkono wake. Kumwona akicheza kwa raha baada ya muda mrefu wa kuvumilia kulinifanya niseme kwamba labda bei niliyoilipa ilikuwa halali. Vitu vingine vidogo pia vilinivuta: uchawi wa kutibu majeraha umeongezwa kutoka dadu moja hadi mbili, na kunywa dawa ya kuponya hakuli tena tendo zima. Nilikuwa nimekaribia kusema hadharani kwamba kitabu ni kizuri.

Kisha ikaja jioni moja, mwishoni mwa majira ya baridi.

Tulikuwa tumefika kwa mchawi mfu ambaye tulikuwa tukimfuata kwa miezi. Zamu yangu ilipofika nilirusha dadu ya pande ishirini, ikasimama kwenye 20 yenyewe, pale katikati ya meza, kila mtu akiiona. Pigo la namna hiyo hurudufu dadu za jeraha. Nilikuwa na nafasi mbili za daraja la 3, nikatoa moja. Hiyo ni dadu nne, na moja zaidi kwa kuwa adui ni mfu, jumla tano, zikirudufiwa ni kumi. Nilikuwa tayari nimezikusanya kiganjani, nyingine nimeziazima kwa jirani yangu, msimamizi aliposema kwamba yule mfu analizima pigo kwa Counterspell.

Nilikubali. Ndiyo kanuni mpya, na meza ilikuwa imetangazwa kuwa ya kanuni mpya. Kwa hiyo nilichukua dadu moja ya pande ishirini, kwa sababu Counterspell ya 2024 humpa aliyelengwa nafasi ya kujiokoa kwa kurusha dadu na kuongeza ustahimilivu wake. Paladini hajiokoi vibaya, maana kuanzia kiwango cha 6 haiba yake huongezwa kwenye kila jaribio la kujiokoa, lake na la wenzake walio karibu naye. Nilihitaji 10 au zaidi. Na hata ningeshindwa, kitabu hicho hicho kinasema waziwazi kwamba aliyezimiwa uchawi hupoteza tendo lake tu, na ile nafasi ya uchawi hubaki kwake.

Msimamizi akaniambia niweke dadu chini. Uchawi wa daraja la 3 kushuka chini, alisema, huzimika wenyewe bila kurusha chochote, na nafasi imekwisha kwenda. Hiyo ni kanuni ya 2014. Kishikwambi chake kilikuwa kimefunguka kwenye Counterspell ya zamani, nilikiona kwa macho yangu.

Naomba msomaji alitafakari hili kwa utulivu ambao mimi sina. Kwa kitabu cha 2014, pigo langu halikuwa uchawi na Counterspell haikuweza kuligusa. Yule mfu angepokea dadu zote kumi. Kwa kitabu cha 2024, ningekuwa na nafasi zaidi ya nusu ya kulipitisha, na ningeshindwa ningebaki na nafasi yangu ya uchawi. Mezani pale nilipewa hukumu ambayo hakuna kitabu hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachoitoa: pigo limefanywa uchawi kwa kanuni mpya ili lipate kuuawa kwa kanuni ya zamani.

Nilimwomba kwa heshima tuangalie ukurasa. Kitabu kilikuwa mezani, mkononi mwangu, na haikuhitaji zaidi ya dakika moja. Msimamizi, kijana yule, aliweka kiganja chake juu ya jalada kabla sijalifunua, akasema, bila kunitazama, "Vitabu hivi vinaendana, wenyewe wamesema. Na hapa mezani kitabu ni mimi." Nilipojaribu kueleza kwamba kuendana si sawa na kuchanganya, alikuwa ameshamgeukia mchezaji aliyefuata na kumuuliza anafanya nini. Dada wa Tanga alinigusa mkono akaninong'oneza, "Kaka, mwache, tutaongea nje." Nilinyamaza kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine waliokuwa wamelipia viti vyao, lakini kile kiganja juu ya kitabu nilichokinunua kwa fedha yangu sijakisahau, na sitakisahau leo wala kesho.

Ninajua msimamizi ana mamlaka ya kuamua. Mchezo huu umekuwa hivyo tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha mwaka 1974, na Arneson alikuwa mtu wa huku huku Minnesota, akiendesha michezo yake ya Blackmoor, ulimwengu wake wa kubuni, kabla hata kitabu cha kwanza hakijaandikwa. Kijana yule angeniambia kwamba katika ulimwengu wake Counterspell huzima kila kitu, ningelikubali, kwa sharti aliseme kabla ya mchezo kuanza, ili nami nichague namna ya kumjenga paladini wangu. Alichofanya ni kutumia neno "vinaendana" kama ufunguo wa kuingia katika kitabu chochote anachokitaka, wakati wowote anaoutaka, na kumfungia mlango anayeuliza. Nililiandikia duka. Wakajibu kwa mistari miwili kwamba tofauti za tafsiri ni sehemu ya mchezo. Hakukuwa na tafsiri yoyote pale. Kulikuwa na kurasa mbili za miaka miwili tofauti.

Na hapa ndipo hasira yangu inaporudi kwenye kitabu chenyewe, ingawa nilikuwa nimeanza kukipenda. Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, hawakukiita toleo la sita. Walisema ni toleo lile lile la tano, lililofanyiwa marekebisho, na kwamba vitabu vya zamani vitaendelea kutumika pamoja nacho. Ninaelewa kwa nini: watu wana rafu zilizojaa vitabu, na hakuna anayependa kuambiwa kwamba vimekuwa takataka. Lakini vitu viwili vyenye jina moja, vinavyofanya kazi kwa namna mbili, vikiwekwa chini ya toleo moja, vinamfaa zaidi mtu mwenye sauti kubwa mezani. Mwaka 2003 kulikuwa na jambo kama hili, kanuni za 3.5 zilipotoka miaka mitatu tu baada ya toleo la tatu, huku majina mengi yakibaki yale yale. Toleo la nne la 2008 lilichukiwa na wengi, na Pathfinder ya 2009, mchezo wa kampuni nyingine, ilipata wafuasi kwa sababu iliendeleza kanuni ambazo toleo hilo lilizitupa. Lakini kwenye meza ya toleo la nne hakuna aliyeweza kukuchomekea kanuni ya toleo la tatu bila kila mtu kuiona. Ulikuwa mpasuko mbaya, lakini wa wazi.

Kuna siku nimefikiria jambo ambalo linanitesa. Agosti 2024 ilitangazwa kwamba katika D&D Beyond, huduma ya mtandaoni ambako wengi wetu tunaweka karatasi za wahusika, uchawi na vifaa vya kichawi vya 2014 vingebadilishwa kuwa vya 2024, na aliyetaka vya zamani angelazimika kuviandika upya yeye mwenyewe. Wachezaji walipaza sauti, na baada ya siku chache uamuzi ukabatilishwa. Nilifurahi siku ile. Laiti mpango ule ungepita, inawezekana kabisa kwamba Counterspell ya zamani isingekuwa kwenye kishikwambi cha kijana yule. Hata hivyo siwezi kutamani hivyo. Watu walivilipia vitabu vile, na mimi ni mmoja wao. Kufutiwa ulichonunua ni dhuluma kubwa kuliko kunyimwa dadu moja. Ningetaka kila ukurasa wa zamani ubaki, ila uandikwe mwaka wake kwa herufi ambazo hata mtu asiyetaka kuona ataziona.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kukipa kitabu nyota mbili. Sasa, baada ya kuyaandika yote haya, naona kwamba katika kisa changu kizima ni kitabu kipya peke yake kilichonitetea: ndicho kilichonipa dadu ya kujiokoa, na ndicho kilichosema nafasi yangu ibaki. Counterspell yake ni ya haki kuliko ile ya zamani, na ninasema hivyo nikiwa mtu niliyepoteza pigo kubwa kuliko yote niliyowahi kulipata. Kwa hiyo ni nyota nne. Ningetoa ya tano kama paladini angeachiwa kulitumia pigo lake nje ya zamu yake, kwa sababu kumwacha mfu akimbie mbele ya upanga wa mtu wa kiapo bila nuru yoyote bado kunaniuma, na sidhani kwamba kulikuwa na ulazima. Hapana, nirudi nyuma: tatu na nusu. Kwa kila mchezaji atakayekaa mahali nilipokaa, neno "vinaendana" litageuzwa dhidi yake, na waliolichagua neno hilo walikuwa na uwezo wa kuliwekea mipaka.

Meza ya duka lile haipati nyota kutoka kwangu. Tumehamia sebuleni kwa dada wa Tanga, na kabla hatujaanza tulikubaliana kwa maandishi: kanuni zote ni za 2024, na kitu chochote cha 2014 kitaingia tu ikiwa kitabu kipya hakina chenye jina hilo, tena kwa kukubaliana wote. Duka nimelitumia tena barua, nikiwaomba waandike mwaka wa kitabu kwenye tangazo la kila meza wanayoitoza watu fedha, na wamruhusu mchezaji afungue ukurasa anapotaka kuuliza. Wakifanya hivyo nitairekebisha tathmini hii.