Matambara yangu ya deki yamerudi nyumbani yakiwa zulia

Kutupa kitambaa sijui. Chini ya sinki yangu kulikuwa na kiroba kimejaa fulana zilizotoboka, vipande vya taulo, kanga mbili za kazi zilizoishia kuwa dekio, na vile vitambaa vya maikrofaiba vya kufutia vioo. Mume wangu alishakitoa kwenda gari la taka mara mbili, mara mbili nikakirudisha. Ndipo jirani akanielekeza kwa fundi mmoja, mama mtu mzima hapa hapa Ngamiani, Tanga, anayesuka mazulia ya mlangoni kwa vitambaa chakavu. Unampelekea vyako, unalipa ufundi tu. Mimi nilitoa shilingi 8,000.

Masharti anayo. Vitambaa vifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, vikauke juani kweli kweli. Kilichofutia mafuta ya taa hapokei hata umbembeleze. Kilichokaa sana kwenye jiki anakivuta kwa mikono miwili, kikichanika anakurudishia, maana pamba iliyoliwa na jiki haivumilii kusukwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni kiberiti. Baada ya shikamoo na marahaba, alimwaga kiroba changu sakafuni, akawa anachomoa uzi mmoja mmoja na kuuwasha. Wa kanga uliwaka kama karatasi ukaacha jivu laini. Wa maikrofaiba ukajikunja, ukayeyuka, ukabaki kidonge kigumu cheusi. “Mwanangu, hii plastiki imevaa nguo,” akaniambia, akaisukuma pembeni. Kweli, maikrofaiba nyingi ni poliesta na nailoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 mimi nilijiona nimemalizana na plastiki, kumbe ninaifulia kila Jumamosi, na kila nikiifua inamwaga nyuzi ndogo ndogo kwenye maji.

Vilivyopita mtihani huvikata mikanda ya vidole viwili, anasuka tatu tatu kama nywele, kisha anauzungusha ule msuko na kuushona kwa uzi wa nailoni. Zulia limetoka zito, la duara refu, rangi zimechanganyika bila mpango na bado linapendeza. Kwenye ukingo mmoja limebaki neno la jina la kanga, “wivu”, limekaa kichwa chini. Wageni wanaliona kabla ya kuniona mimi.

Sasa lawama. Aliniahidi wiki moja, zikawa tatu, na simu hapokei mpaka umfuate. Halafu siku ya kwanza liliteleza juu ya vigae nikiwa na ndoo mkononi, nusura nikae chini. Nikalirudisha. Hakubishana wala hakuongeza bei: alikata tyubu kuukuu ya baiskeli (Tanga hii utazikosaje?) akaishonea vipande vinne kwa chini. Tangu hapo halijasogea. Ila kuomba tyubu mwenyewe siku ya kwanza ni bora kuliko kungoja uanguke.

Jingine ni kukauka. Masika linanyonya miguu ya nyumba nzima, na ukilifua linachukua siku mbili kwenye kamba, siku ya kwanza likinuka unyevu. Kama huna pa kuanika, mwambie asuke jembamba, mikanda ya kidole kimoja. La pili nimeagiza hivyo.

Vitambaa vya maikrofaiba nilimpa fundi baiskeli afutie minyororo. Sijidanganyi, vikilowa grisi mwisho wake ni dampo tu, na huko havitaoza kama kanga. Nilichobadilisha ni dukani: maikrofaiba sinunui tena, vioo nafuta kwa fulana ya pamba iliyochakaa, na havina tofauti mradi maji yawe kidogo.

Kiroba kimeanza kujaa tena. Safari hii mume wangu ndiye aliyetia soksi zake humo, na zimepita kiberiti mbili tu kati ya sita.