Sanamu ya Mt. Sesilia, Moshi mjini: tazama kuti kabla ya kinanda

Sanamu tunayoipima ni ya plasta, kimo sentimita 60, inauzwa katika duka la vifaa vya ibada Moshi mjini. Ipo na ya faiba ya kimo hicho hicho. Kwaya inayomtafuta somo wake kabla ya tarehe 22 Novemba itaridhika nayo, mradi isichaguliwe kwa uzuri wa sura tu.

Anza na mikono. Kinanda kinamtambulisha kama msimamizi wa waimbaji, ila kuti la mtende ndilo linalosema alikufa shahidi. Baadhi ya zilizo rafuni zina kinanda peke yake, na hapo unanunua mpiga kinanda mwenye joho zuri. Kibandiko cha chini nacho usikiamini: mwenye mnara ni Barbara, mwenye mwanakondoo ni Agnes, mwenye macho mawili kwenye sahani ni Lusia, hata kiandikwe Sesilia.

Halafu shingo. Simulizi ya kifodini chake, yaani kifo chake cha kishahidi, ya karne ya 5, inasema walitaka kumuua kwa mvuke ndani ya bafu la nyumbani kwake Roma, ikashindikana. Akapigwa upanga shingoni mara tatu, kichwa hakikutengana, akaishi siku tatu zaidi. Kaburi lake la Trastevere, mtaa wa Roma, lilipofunguliwa mwaka 1599, Stefano Maderno alichonga marumaru ya mwili uliolala ubavu, uso umegeuziwa chini, jeraha likionekana shingoni. Hii ya dukani imesimama wima na shingoni imepakwa kistari chekundu chembamba kama uzi. Kitambaa chenye maji kinakifuta chote.

Ubovu wa plasta huanzia chini. Ukiiweka juu ya saruji tupu, masika kitako kinafyonza unyevu, rangi inavimba na kubanduka kuanzia pindo la joho. Weka ubao mkavu katikati. Vumbi litolewe kwa brashi laini, maji yasiguse. Vidoleni na kwenye kuti kuna waya; ukishika kutu unanenepa na kupasua plasta kutoka ndani. Kwa hiyo ukiona ufa mdogo kwenye kidole usiufunike kwa rangi, utarudi. Fukua hadi kwenye waya, kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, ikikauka jaza plasta, piga msasa laini, ndipo urudishie rangi. Kabla ya kulipa, gonga mwili mzima kwa kifundo cha kidole: panapokoroma pana ufa.

Ya maandamano iwe ya faiba. Ya plasta haina tundu la bolti chini ya kitako, na kulitoboa baadaye ni kuipasua. Ukiifunga kamba kiunoni juu ya machela, njia ya makorongo ya kigangoni itaondoka na kuti. Faiba ina kasoro ya macho tu. Yamekodolewa kama vile amesikia sauti ya pili inapotea noti.

Kijitabu cha novena, sala ya siku tisa, kinachotolewa pamoja nayo kiachwe. Kinaanzisha sala tarehe 14, wakati siku tisa za kumalizikia mkesha wa kumbukumbu huanza tarehe 13. Tena kinadai Sesilia ndiye aliyevumbua kinanda. Simulizi inasema vyombo vilipokuwa vikilia siku ya arusi yake, yeye alimwimbia Mungu moyoni. Aliyekuwa akipiga ni mwingine.

Ufungaji wao ni gazeti na kamba, hautoshi kwa safari ya daladala hadi Kibosho au Marangu. Nendeni na boksi lenu na maranda ya mbao. Ilazeni chali, kuti likitazama juu, maranda yajae hadi chini ya kwapa na nyuma ya shingo.